Jibu kwa fundi friji wa Mbagala: uhamie Tanga au ubaki Dar?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nina miaka 38, naishi Mbagala na mke na watoto wawili. Mke wangu ni muuguzi, ameajiriwa na serikali. Kodi ya fremu imenishinda, na foleni inanila saa nne kila siku. Mama yangu alizaliwa Tanga, na kila nikienda kwa bibi Ngamiani naona watu wanapumua. Nina akiba ya shilingi milioni 14. Rafiki zangu wamegawanyika. Wengine wanasema wahi, bandari imepanuliwa na bomba la mafuta linaishia hapo, mji utalipuka. Wengine wanasema Tanga imelala tangu mkonge ulipokufa, nitashinda nikicheza bao. Wewe umefanya kazi ya mipango miji huko. Nihamie? Na maji, hospitali na shule vikoje kwa kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakupa jibu kwanza ili usisome huku roho ikiwa juu. Njoo, ila usije kwa ajili ya bandari wala bomba, na usibebe hata godoro kabla uhamisho wa mkeo haujatoka. Njoo kwa sababu Tanga ni mji wa maziwa na samaki uliowekwa kwenye joto, na wewe kazi yako ni kutengeneza baridi.

Rafiki zako hao wanaobishana, mimi naona wanasema kitu kimoja. Wote wanaamini mji huu unaishi kwa jambo moja kubwa: likija tunashiba, likiondoka tunazikwa. Siwalaumu, maana ndivyo tulivyolelewa. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai miche 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Miaka hiyohiyo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara, na kabla ya vita ya 1914 ilikuwa imeshafika Moshi. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge kwa mwaka, na hakuna nchi nyingine duniani iliyotufikia. Kisha nailoni ikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumeshuka hadi kama tani 20,000. Hiyo ndiyo "imelala" unayoambiwa.

Lakini muulize bibi yako: mkonge ulipokuwa juu, pesa ilikuwa inalala kwa nani? Waliokata mkonge walikuwa manamba, watu waliosombwa kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji, na ujira wao uliishia dukani kwa mwenye shamba. Singa za mkonge zilipanda meli. Faida ikapanda meli ileile. Kwetu zilibaki reli, barabara za Ngamiani zilizonyooka kwa namba, majengo kadhaa mazuri na wajukuu wa hao manamba, ambao leo ni Watanga kuliko Watanga.

Mimi nikiingia mji nisioujua siulizi kwanza pesa ngapi inaingia. Nauliza inalala usiku mangapi kabla ya kuondoka. Ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, watu wana maelezo yao mengi, kila baraza la kahawa lina lake. Mimi nauelewa kwa pesa.

Sasa tuitazame bandari kwa macho hayo. Kabla ya upanuzi, meli kubwa haikuweza kuligusa gati la Tanga, kwa kuwa kina kilikuwa kama mita 3. Meli ilitia nanga nje kwenye ghuba, shehena ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, kreni ikainua mara ya pili. Kila mzigo ulishikwa mara mbili na kulipiwa mara mbili, ndiyo maana wafanyabiashara wa Arusha walipita hapa bila kugeuza shingo, wakaenda Dar au Mombasa. Serikali ikaweka shilingi bilioni 429.1, mkandarasi wa Kichina akachimba hadi mita 13, gati mbili zenye jumla ya mita 450 zikaimarishwa, na kufikia 2023 meli zikawa zinafunga gatini. Ni kazi kubwa na ya maana, sitaibeza. Ila lifuate kontena moja kwa macho. Linashuka, linapanda lori, lori linapita Pongwe, Muheza, Segera, linakata kulia kwenda Moshi na Arusha. Dereva hanunui hata chupa ya maji mpaka Segera. Wanaobaki na chochote hapa ni mawakala wa forodha, vibarua wa bandarini, gereji, mama ntilie wa getini na halmashauri kwa ushuru wake. Hao ni watu halisi na watanunua friji, wataweka viyoyozi ofisini. Wahesabu kama wateja wa ziada. Usije ukawafanya msingi wa nyumba.

Bomba ni hivyohivyo, na zaidi. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, na kati ya hizo 1,147 ziko ndani ya Tanzania. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba zima linapashwa joto hadi nyuzi 50 hivi. Mwisho wake ni matangi manne, kila moja la mapipa 500,000, na gati la kupakilia meli. Wewe ni fundi, unajua mtambo wa namna hiyo ukiisha kujengwa unahitaji watu wangapi: wachache, wanakaa mbele ya skrini. Ajira nyingi ni za ujenzi, na ujenzi una tarehe ya kwisha. Halafu hao wa bomba ndio watu pekee Tanga nzima wanaolipia joto.

Basi pesa inayolala Tanga ni ipi?

Ya kwanza ni mishahara. Huu ni mji wa makao makuu ya mkoa: ofisi, mahakama, shule, Hospitali ya Bombo, bandari yenyewe, Bodi ya Mkonge, viwanda vya saruji na chokaa vya Pongwe na Maweni, na wastaafu wengi mno waliojenga Sahare na Kange. Mishahara ikitoka, soko la Mgandini linajaa na mafundi wote wanapigiwa simu. Kuanzia katikati ya mwezi simu zinanyamaza. Dar hujawahi kuisikia hali hii kwa sababu mji wa watu milioni 5.4 una siku ya mshahara ya kila mtu kila siku. Sisi kwa sensa ya 2022 tulikuwa 393,429. Tumekua, maana mwaka 2012 tulikuwa 273,332, lakini bado soko letu ni jembamba, na soko jembamba lina adabu yake. Dar unaweza kumharibia mteja wa Tandika ukahamia Tegeta, maisha yakaendelea. Hapa ukimchaji mtu gesi bila kuziba tundu linalovuja, friji ikafa tena baada ya wiki tatu, habari zitakufikia Ijumaa kabla hujavaa viatu vya kutokea msikitini. Wapo mafundi wazuri tu waliofungasha kwa jambo hilo.

Ya pili ni maziwa, na hapa nitakaa kidogo, maana wageni wengi hawaioni.

Siku moja amka mapema, saa kumi na mbili u nusu uwe umefika kituo cha kukusanyia maziwa, chochote kati ya vile vilivyo njia ya Muheza. Baiskeli na bodaboda zimeegemezwa ukutani, kila moja ina keni mbili za alumini zimefungwa kwa mpira wa tairi. Binti wa kituo anafungua kifuniko, ananusa. Anatumbukiza laktomita kuona kama mtu ametia maji. Kisha anachanganya maziwa kidogo na alkoholi kwenye kikombe cha kupimia, anakitikisa, anakiinua kwenye mwanga. Yakiganda punjepunje yamekataliwa, na hakuna mjadala: mzee anafunga keni yake, anageuza baiskeli, siku hiyo watoto watakunywa mtindi wapende wasipende. Yaliyopita yanamiminwa kwenye tangi la stenlesi ili yashushwe hadi nyuzi 4, yasubiri gari la kiwandani. Kwenye joto letu, maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yana saa tatu au nne tu za uhai bila baridi.

Biashara hii ilisukwa polepole, tangu ushirikiano na Waholanzi uliosambaza ng'ombe wa kisasa kwa wafugaji wadogo, kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, hadi vyama vya wafugaji vikaungana na kiwanda cha Tanga Fresh kikaanza katika miaka ya 1990. Uzuri wake ni kwamba pesa yake haipandi meli. Mfugaji wa Muheza au Mkinga analipwa, ananunua pumba, analipa ada, anapaua nyumba. Ikitoka shilingi mfukoni mwake, inazunguka mikono minne mitano kabla ya kulivuka daraja la Wami.

Na kila kiungo cha mnyororo huo kina kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya baridi. Tangi la kituoni, friji la duka la mtindi, friza la mama anayeuza maziwa kwa glasi Makorora. Niliwahi kushuhudia tangi la kituo kimoja likifa siku ya Jumatano. Fundi wa uhakika alikuwa Dar, akafika Ijumaa mchana, na kumbe ni kapasita na kontakta, vitu vya kuingia mfukoni. Siku mbili hizo maziwa ya vijiji vitatu yalirudishwa au yalimwagwa. Mwenyekiti wa kituo aliniambia angelipa mara tatu ya bei kwa mtu anayeishi hapa na anayepokea simu usiku. Na usisahau maziwa ya jioni. Wafugaji wengi hawana pa kuyapeleka, kwa kuwa kituo hupokea asubuhi tu na nyumbani hakuna baridi ya kuyalaza. Fundi atakayewafungia vipozeo vidogo kwa bei ya kikundi cha wafugaji kumi atakuwa na kazi ya miaka.

Ya tatu, samaki. Nenda soko la Deep Sea utazame majokofu yaliyokufa. Yamelazwa chali, milango inaangalia juu, kompresa zilishang'olewa zamani, ndani kuna barafu na vibua. Mimi huyahesabu kila nikienda, ni kipimo changu binafsi cha kushindwa kwa ufundi mjini. Barafu yenyewe nyingi ni ya akina mama wanaogandisha maji kwenye mifuko majumbani, na friza zao zinakufa kwa kufanyishwa kazi zisizotengenezewa: zinafunguliwa mara mia kwa siku, zimebanwa ukutani, kondensa, ile sehemu ya kutolea joto, imejaa vumbi na magamba.

Lakini samaki wana kalenda, na usipoijua utapotea. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari inatulia, vyombo vidogo vinakwenda mbali na barafu haitoshi. Kusi likiingia, ngalawa nyingi zinabaki ufukweni na kitoweo kinapanda bei. Ndani ya mwezi nako kuna mawimbi yake: wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwenye giza, kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa wanakaa kushona nyavu. Kwa hiyo siku za giza friza zote zinafanya kazi na zinaharibika, siku za mbalamwezi wenye friza wana muda lakini hawana pesa. Panga matengenezo kwenye mbalamwezi, wakulipe kwenye giza. Hesabu hiyo hakuna chuo cha ufundi kitakachokufundisha.

Neno moja la kiufundi, nisamehe kama nakufundisha kazi yako. Chumvi. Kiyoyozi kilichofungwa Raskazone kinachotazamana na bahari, mapezi ya alumini ya kondensa yanageuka unga mweupe ndani ya miaka michache, wakati chenzake cha Kange kinadumu. Wengi huku wanauziwa kifaa kipya kila mara kwa sababu hakuna anayewaambia waioshe kondensa kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi au waifunge upande usiopigwa na upepo. Mkataba wa kuosha viyoyozi vya ofisi na nyumba za wageni kila baada ya miezi mitatu, kwa bei ya kawaida tu, utakupa pesa ya katikati ya mwezi, ile isiyo na mshahara. Umeme wa Tanga si mbaya ukilinganisha na miji mingi, tuna mitambo ya Hale na New Pangani Falls mlangoni petu ndani ya gridi ya taifa, ila mitaa ya pembeni jioni umeme unakuwa mdogo na kompresa zinaungua. Njoo na ujuzi wa stebilaiza.

Huduma sasa. Nianze na maji kwa kuwa ndiyo ninayojivunia.

Maji yetu yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Amani kwenye Usambara Mashariki na kukusanyika kwenye bwawa la Mabayani. Zamani tatizo halikuwa bwawa, lilikuwa juu: watu walikuwa wanalima hadi ukingoni mwa mto na kuchimba dhahabu kwenye vijito, tope likawa linashuka na kusafisha maji kukawa ghali. Badala ya kupeleka mgambo tu, wakulima wa huko walijipanga wakaunda umoja wao wa uhifadhi, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya mjini ikawaunga mkono, kwa hesabu rahisi kwamba mkulima wa mlimani akiacha mita zake za ukingoni, dawa ya kusafishia maji inapungua chini. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya maendeleo isiyozaa hata kikombe cha chai. Huu ulizaa.

Kisha mwaka 2024 Tanga UWASA ikafanya jambo ambalo hata sisi wa ndani hatukulitarajia: ikaingia soko la mitaji na kuuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo wa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji wakaleta bilioni 54.72. Mamlaka ya maji ya mji wenye watu kama laki nne, inakopa kwa umma bila kusubiri wafadhili, ili kuongeza uzalishaji na kutandaza mabomba mapya. Kwako wewe maana yake ni mbili. Maji yatazidi kufika, hata Pongwe na mitaa mipya. Na bili utalipa kwa wakati, maana mwenye deni la riba hana uvumilivu na mdaiwa wake. Weka simtanki la lita 1,000 hata hivyo, bomba likipasuka utanikumbuka.

Hospitali nitakuwa mkweli zaidi ya unavyopenda. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ina madaktari wazuri, na kwa uzazi, malaria, upasuaji wa kawaida, kisukari na mifupa iliyovunjika utahudumiwa mjini. Lakini ugonjwa ukiwa mkubwa, wa moyo, wa saratani, wa kichwa, unapelekwa KCMC Moshi au Dar, na kote huko ni kama kilomita 350. Mama mkwe wangu alipopooza upande mmoja tulimkimbiza hospitali moja ambayo sitaitaja, kipimo kilichohitajika kikawa kimeharibika, na hatukuambiwa mpaka saa sita zilipopita. Tulisafiri naye usiku. Hilo ndilo pengo la mji mdogo: huduma ipo, lakini ni moja, na ile moja ikiharibika hakuna mlango wa pili wa kugonga. Weka kando pesa ya safari ya ghafla, usiiguse kwa gesi wala kwa vipuri.

Hapo ndipo mkeo anapokuwa nguzo. Kwa ajira yake mna bima ya afya inayomfunika yeye, wewe na wategemezi hadi wanne, na mna mshahara unaoingia kusi livume lisivume. Akiacha kazi ili mhame haraka, mtakuwa mmebadilisha nguzo kwa fito. Uhamisho wa kuomba mwenyewe unachukua muda, haulipiwi posho, na njia inayofanikiwa zaidi ni kubadilishana na muuguzi wa kada yake aliye Tanga anayetaka kwenda Dar. Wapo, tena wengi, vijana wanaotaka kelele. Aanze kumtafuta leo kupitia mfumo wa utumishi. Hata mwaka mzima ukipita, subirini.

Shule hazitakupa shida. Msingi na sekondari za serikali hazina ada, za binafsi zipo, na mtoto akifika kidato cha tano serikali itampangia shule popote nchini hata angekuwa Mbagala. Chuo cha VETA kipo, na kitakufaa wewe zaidi yao: utahitaji wasaidizi wawili. Usafiri ni bajaji, bodaboda, na baiskeli. Mji ni tambarare, baiskeli haina aibu huku, utawaona watu wazima na kanzu zao wanaendesha. Yale masaa manne ya foleni yatarudi kwako, na ninakuonya kwamba mwezi wa kwanza hutajua uyafanyie nini.

Ardhi. Nisikilize hapa kuliko popote. Usinunue kiwanja mwaka wa kwanza. Tangu jiwe la msingi la bomba liwekwe Chongoleani mwaka 2017, kila kichaka cha upande ule kimepata dalali, na kila dalali anacho kiwanja "karibu na mradi". Mimi, mtu wa mipango miji, mwenye ramani kabatini, nilinunua eneo kwa mtu niliyeletewa na rafiki. Nilipokwenda na fundi kuchimba msingi nikakuta mwenzangu ameshamwaga kokoto, naye ana karatasi yenye mihuri ileile ya kwangu. Tulikaa tukacheka kwanza, hatukuwa na la kufanya. Kesi yake ilinila miaka mitatu. Ukitaka, uliza viwanja vilivyopimwa na halmashauri, nenda ofisi ya ardhi mwenyewe, na majirani wa kiwanja waulizwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kwa sasa panga. Ngamiani, Makorora au Mabawa, karibu na watu wenye friza. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita, lakini ukija na jina la bibi yako mtashuka hadi mitatu.

Milioni 14 zako nisingezigusa zote. Nne ziwe vifaa na vipuri: pampu ya vakyumu nzuri, mizani ya gesi, kapasita, kontakta, termostati na mota za feni, maana huku vipuri ndivyo vinavyokosekana na fundi asiye na kipuri ni mshauri tu. Mbili za kodi na kuhama. Tano zikae benki, ni chakula cha miezi sita na safari ya ghafla ya hospitali. Tatu zinazobaki zisubiri mpaka ujue vituo vya maziwa na akina mama wa barafu wanahitaji nini hasa, usizitumie kwa kukisia ukiwa Mbagala. Fremu usikodi kwanza. Fundi friji hapa anafuata friji, na bodaboda yako ndiyo fremu. TIN na leseni ya biashara kata mapema, kwa sababu ofisi za kukupa mikataba ya kuosha viyoyozi hazikulipi bila risiti.

Kabla ya yote, njoo wiki mbili peke yako. Panga ufike tarehe 20 na uondoke tarehe 5, uuone mji ukiwa mkavu na uuone ukiwa umelipwa. Lala kwa bibi. Asubuhi ya kwanza kituo cha maziwa, jioni Deep Sea, na njoo na geji zako: yule mama wa kona ya tatu kutoka mnadani ana friza mbili zisizogandisha tangu Ramadhani, na nimeshamwambia kuna mjukuu wa Ngamiani anakuja.